Kupandisha mbogo kwenye pikapu: ngazi ya roli au miguu mitatu?

Kabla msimu haujaanza, dereva wa kambi moja ya uwindaji aliegesha pikapu mbele ya karakana yangu hapa Unga Limited, Arusha, akashuka, akapangusa vumbi usoni.

"Shikamoo mzee. Nataka unichomelee kitu cha kubebea mbogo."

"Marahaba. Mbogo wenu wanaangukia wapi?"

"Popote."

"Gari linafika?"

"Mara nyingine."

"Winchi ya kuvutia kwa waya mnayo?"

"Ipo, ila iko mbele."

Nikamwambia akae anywe chai kwanza, maana kwenye chuma tulikuwa hatujafika. Kila mwaka naletewa ombi hilohilo, na kila mwaka mteja anakuja ameshaona kifaa kwenye kambi ya mwenzake na anataka kilekile. Mwenzake yuko kwenye mchanga wa kuelekea Ziwa Natron. Yeye yuko Simanjiro, kwenye udongo mweusi unaonasa gari mvua ikinyesha robo saa tu. Vifaa viwili nitakavyovilinganisha hapa vyote nimevitengeneza, vyote vinafanya kazi, na vyote nimeviona vikimshinda mtu kwa sababu alichukua kisichokuwa chake.

Kabla sijaja kwenye kuchomelea nilikuwa mchunaji kambini, misimu sita. Kambini tunamwita mbogo. Nyati ni jina la kwenye leseni. Dume la mbogo lina kilo 500 hadi 900. Dume kubwa la pofu linafika hukohuko. Nyumbu ni kilo mia mbili na kitu, pundamilia anazidi hapo, na swala pala dume ni kilo 60 hivi, huyo watu wawili wanambeba kwenye mti huku wakipiga soga. Shida inaanzia kwa nyumbu kwenda juu.

Watu hudhani shida yenyewe ni kuburuza. Hapana. Kuburuza ni jasho, na gari likifika hata jasho halipo: unafunga kamba, unavuta taratibu. Shida ni ile mita moja kutoka ardhini mpaka kwenye bodi la pikapu. Chukua dume la kilo 720 na wanaume wanane. Kila mmoja anabeba kilo 90, na hakuna pa kushika. Mnyama aliyekufa hana kona, hana mpini. Ukinyanyua bega, tumbo linabaki chini kama gunia la maji. Nimeona wanaume wanane wakimfikisha mbogo magotini, mmoja akateleza, wote wakamwachia, na aliyebaki na mguu chini ya mbogo alirudi Arusha mapema.

Kwa hiyo ninapolinganisha, naanzia kwenye mita hiyo moja.

Ngazi ya roli

Hii ni reli mbili za bomba la inchi mbili, urefu wa mita mbili, zinaegemea ukingo wa bodi baada ya kushusha mlango wa nyuma. Katikati ya reli kuna roli, yaani vipande vya bomba vinavyozunguka kwenye nondo au beringi, kila baada ya sentimita 25 hivi. Roli ya mwisho inakaa juu kabisa, penye kona ya bodi. Winchi inavuta, mnyama anapanda.

Urefu wa mita mbili una sababu. Bodi likiwa mita moja juu na ngazi mita mbili, mteremko unakuwa nyuzi 30, na kwenye nyuzi 30 unavuta nusu ya uzito. Kwa dume la kilo 700 hiyo ni kilo 350, pamoja na msuguano. Na msuguano ndipo roli zinapolipa gharama yake. Ukiweka mbao tupu au bati, ngozi yenye manyoya na damu inakamata, na mvuto unapanda hadi kukaribia uzito wote wa mnyama. Hapo ngazi imekusaidia nini? Ukiweka roli zinazozunguka vizuri unabaki kwenye kilo 400 hivi. Mvuto huo hata winchi ya mkono ya tani moja inauweza. Hili ndilo wateja hawaliamini mpaka walione: wanakuja wakitaka winchi kubwa zaidi, kumbe walichokosa ni roli.

Sasa suala la winchi kukaa mbele. Magari mengi ya kambi yanayo kwenye bampa la mbele kwa ajili ya kujinasua kwenye tope. Ili ivute mzigo nyuma, waya lazima upite juu ya kabini. Nachomelea fremu nyuma ya kabini, juu naweka puli, na nyingine kwenye bampa kuugeuza waya uelekee juu. Inafanya kazi, lakini kuna hesabu moja ambayo fundi asiyejua ataiacha: waya ukikunja kona ya nyuzi 90, puli haibebi mvuto wa waya peke yake, inabeba mara 1.4. Puli ya kisima haifai hapo. Niliwahi kuletewa fremu iliyopinda kama mgongo wa mzee anayechuma maharage, na waya wake haukuwa na hata uzi mmoja uliokatika.

Kama una nafasi, nashauri winchi ihamie ndani ya bodi, mbele kabisa, ikae kwenye kitako cha kufunga na kufungua kwa pini. Waya unanyooka, fremu haihitajiki. Umeme ndio uangalie: winchi ya umeme ya gari ikibeba mzigo wake wote inaweza kula karibu ampea 400, kwa hiyo nyaya kutoka kwenye betri ziwe nene kama za mashine ya kuchomelea, injini iwe inaunguruma, na uipumzishe. Usivute dakika tano mfululizo halafu ukaja kuniambia mota imenuka.

Ubaya wa ngazi ya roli ni mmoja, ila ni mkubwa: lazima gari limfikie mnyama, au mnyama aburuzwe mpaka kwenye gari, na gari lisimame mahali palipo sawa. Gari likiwa limeinama upande, mnyama anateleza kwenye roli na kuangukia upande huo. Nimeongeza masikio ya flatiba, yaani chuma bapa, pembeni mwa reli ili kumzuia, lakini masikio ya sentimita kumi hayamzuii mbogo aliyeamua kwenda.

Miguu mitatu na chenibloki

Chenibloki ni ile mashine ya mnyororo inayonyanyua injini gereji. Unasimamisha mabomba matatu yaliyokutana juu, unaitundika katikati, unamfunga mnyama kwa mikanda miwili, mmoja kifuani nyuma ya miguu ya mbele, mwingine kwenye kinena, unamnyanyua akiwa amelala vilevile, kisha pikapu linarudi nyuma mpaka chini yake. Haihitaji winchi, haihitaji betri, na mtu mmoja anaweza kuvuta mnyororo huku wenzake wakimshika mnyama asizunguke.

Kosa langu kubwa kwenye kazi hii nililifanya hapa. Ya kwanza kabisa niliitengeneza kwa kubana matumizi. Bomba linauzwa kwa urefu wa mita sita. Nikakata mawili, nikapata vipande vinne vya mita tatu, vitatu vikawa miguu, cha nne nikabaki nacho. Nikajiona hodari. Karakanani tukanyanyua injini ya lori, safi. Wateja wakaichukua miguu. Baada ya siku nne simu: "Mzee, mbogo yuko juu, gari haliingii."

Haliingii vipi? Haliingii. Nilikuwa nimepima upana kati ya miguu pale chini, mita mbili na nusu, na pikapu halifiki hata mita mbili. Nikasahau kwamba miguu inakutana juu, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo nafasi inavyobanana. Kwenye usawa wa bodi, mita moja juu, ilikuwa imebaki mita 1.6 hivi. Wakamshusha mbogo chini, wakamchanachana palepale kwenye jua, na ngozi ya mabega aliyokuwa anaitaka mgeni mwindaji ikapata doa la mkanda. Sikuwalipisha.

Sasa nakata mita nne. Miguu ya mita nne ikitanuliwa vizuri inaacha kama mita 2.4 kwenye usawa wa bodi, pikapu linapita na kioo chake cha pembeni. Unahitaji mabomba matatu ya mita sita, na kila moja linabakisha mita mbili. Umeshaona? Vipande viwili vya mita mbili ndizo reli za ngazi, cha tatu unakikata roli. Mteja mwenye uwezo namshauri achukue vyote viwili kwa sababu hiyo tu, chuma tayari ameshakinunua.

Uzito wa miguu yenyewe usiudharau. Bomba la inchi mbili la unene wa kati lina kama kilo tano kwa mita, kwa hiyo mita kumi na mbili ni kilo 60, na bado hujaweka chenibloki. Mita nne haziingii kwenye bodi, zinafungwa juu ya karia na kupiga kelele njia nzima. Wapo wanaotaka mguu wa vipande viwili vya kuchomekana. Naweza, lakini mchomeko uwe na urefu wa nusu mita ndani, na siweki pini katikati ya mguu panapobeba zaidi.

Nyayo za miguu ndiyo habari nyingine. Bomba tupu kwenye udongo mweusi linazama. Mguu mmoja ukizama sentimita ishirini, mtambo wote unaegemea huko, na mnyama aliyetundikwa anabembea kama geti lililoachwa wazi. Chomelea sahani za sentimita 25 kwa 25 chini ya kila mguu, na ziwe na bawaba zikae bapa hata mguu ukiwa umeinama. Kisha mnyororo unazunguka miguu yote mitatu kwa chini, isitanuke. Kwenye mwamba au ardhi kavu ngumu, usipoweka mnyororo huo, miguu inateleza kwenda nje taratibu, bila sauti, mpaka ishindwe ghafla.

Vikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa haraka, ngazi inashinda. Gari likishasimama, mbogo anapanda ndani ya dakika kumi, robo saa. Miguu mitatu ni kuisimamisha, kufunga, kunyanyua, kuingiza gari, kushusha; nusu saa ukiwa na watu wanaojua, saa nzima ukiwa na wasiojua. Na saa nzima si kitu kidogo kwenye joto. Mnyama asiyepasuliwa anavimba, ngozi inashikilia joto ndani, na nyama inaanza kuharibika kutokea kwenye mfupa wa paja. Ukimtoa matumbo kwanza unapunguza robo ya uzito, pengine theluthi, na unaokoa nyama. Lakini mgeni anataka picha mbogo akiwa mzima, basi mnasubiri.

Kwa ngozi, miguu mitatu ni bora, mradi mikanda iwe mipana na usitumie kamba. Roli zinaweza kubana ngozi mahali zilipoachana. Na kwa vifaa vyote viwili, mnyama akiburuzwa kabla ya kupanda, aburuzwe kichwa kikitangulia: manyoya yanalala kuelekea nyuma, yanateleza na ardhi. Ukimvuta kwa miguu ya nyuma unayasugua kinyume, na ngozi ya mabega inafika Arusha ina upara. Funga pembe pamoja na mguu mmoja wa mbele, kichwa kinyanyuke kidogo.

Kwa usalama, ubaya wa ngazi uko kwenye waya. Waya uliokazwa ukikatika hauchagui mtu. Tupa koti zito au gunia la mchanga nusu juu yake unapovuta, glavu mkononi, na hakuna anayeuruka. Kwa miguu mitatu ubaya uko chini ya mzigo: mkono, mguu, hata kumpangusa mbogo matope, hakuna. Nikilazimishwa niseme kipi kinaumiza wachache, nitasema chenibloki, kwa sababu inakwenda polepole na kila mtu anaiona inavyokwenda. Chukua ya tani mbili hata kama mbogo hafiki tani moja.

Na kwa ardhi: panapokuwa tambarare na pakavu, ngazi. Gari likifika lakini halipati mahali sawa pa kusimama, au winchi hamna, miguu mitatu. Korongoni, hakuna hata kimoja.

Vingine kwa ufupi

Jeki ya Tanganyika, ile ndefu ya inchi 48, watu huifunga mnyororo juu na chini na kuifanya winchi. Inavuta, lakini kila baada ya mita moja pungufu unafungua, unarudisha, unafunga upya. Ni ya dharura. Na mpini wake ukikurukia unakutoa meno, nayajua mawili yaliyotoka hivyo.

Pipa la bluu la plastiki, la lita 200, ndiyo kifaa rahisi kuliko vyote na nakipenda. Kata mfuniko na kitako, lipasue kwa urefu, lilaze kwenye jua mpaka lifunguke. Unapata kipande cha kama mita 1.8 kwa sentimita 90. Toboa mbele, pitisha kamba. Kwenye majani linateleza kama sabuni, na mwiba wa mgunga haulipasui. Linatosha swala, kongoni, hata nyumbu watu wanne wakivuta. Mbogo analikunja. Lakini hata ukiwa na ngazi ya roli beba pipa, litamtoa mnyama mita hamsini za mwisho vichakani bila kumchubua.

Mkokoteni kama wa pale sokoni Kilombero, wa ekseli ya gari, watu wanauulizia sana. Lami na njia ya kijiji, sawa. Porini mwiba unatoboa tairi, na aliyeweka magurudumu ya pikipiki atakuta spoku zimelala, kwa sababu spoku zimetengenezwa zibebe uzito kutoka juu, hazikutengenezwa kwa mnyama anayelalia upande. Sitengenezi tena.

Halafu kuna kisu. Mbogo akiangukia korongoni, na huangukia huko mara nyingi, kwa kuwa sheria hairuhusu kupiga kutoka kwenye gari na mwindaji anamfuata kwa miguu mpaka mnyama anapopataka yeye, hapo usihangaike na chuma. Mchinje kama mna Waislamu kambini, na mwahi, maana wenzetu wengi hawali kilichokufa kabla ya kisu. Kisha chuna palepale, kata vipande, miti mabegani. Wachunaji wanne wazuri wanammaliza mbogo kabla hujamaliza kusimamisha miguu mitatu. Nasema hivi nikijua nazuia biashara yangu mwenyewe.

Jambo moja nalisema kila mteja anapokuja: sitengenezi vitu hivi kwa mtu asiyenionyesha karatasi za kitalu cha uwindaji au leseni yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ipo, na jangili naye anahitaji kupandisha mnyama kwenye gari. Kwangu hapati hata bawaba.

Dereva wangu wa Simanjiro alimaliza chai akasema anataka ngazi. Nikamwambia kwa udongo ule achukue miguu mitatu yenye sahani. Akasema bosi amesema ngazi. Basi ngazi. Nikaweka masikio, nikaweka roli nane, nikataka kuchomelea mguu wa katikati chini ya reli ili zisilemewe mnyama anapofika nusu ya njia. Akasema mguu utakwaruza gari wakati wa kubeba, niuache.

Mwezi uliofuata alirudi. Reli zote mbili zilikuwa zimetumbukia katikati kama machela.

"Mzee," akasema, "ule mguu."

"Uko pale pembeni ya kompresa," nikamwambia. "Sikuuuza."